Apumzike na Nani? Historia ya Maisha ya Mama Zamu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeufinyanga mwili kwa udongo na kuupulizia roho, akavifunga viwili hivyo kwa fundo ambalo hakuna tabibu aliyewahi kuliona kwa macho, kwake shukrani zinapaa katika siku za furaha na katika siku kama hii ya leo, ambayo ndimi zetu ni nzito na macho yetu yamekwisha kutuaibisha. Viongozi wetu wa dini, wazee wenzangu, mume wa marehemu, wanawe na mjukuu wake, wanamichezo mliokuja na magongo yenu na mliokuja bila magongo, majirani na waombolezaji wote, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mjomba wa marehemu, ndugu mdogo wa mama yake mzazi, na familia imenituma niwasomee habari za maisha yake, nami nitasoma polepole, kwa kuwa macho yangu yamezeeka, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda mtu aharakishwe.

Jina lake la kuzaliwa mmeliona limeandikwa pale mlipokuwa mkiingia, lakini kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyelitumia isipokuwa makarani wa ofisi, hivyo nitamwita kama mlivyomwita ninyi, Mama Zamu. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa nyuma ya posta ya zamani, mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi saa na mshonaji nguo, mjukuu wa mhunzi kwa upande wa baba, na kwa upande wetu sisi wa kwa mama, mjukuu wa mzee aliyefundisha watoto kusoma kwa kuandika chaki kwenye kuta za nyumba yake mwenyewe, mpaka mama yetu akalalamika kwamba anaishi ndani ya daftari. Baba yake alikuwa na kibanda kilichojaa saa za watu, zote zikigonga, na hakuna mbili zilizokubaliana. Mama yake, dada yangu, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakuwahi kutembea, hatua hiyo aliiruka, akaanza moja kwa moja kukimbia.

Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na karakana ya mbao kuanzia Januari 1968 hadi Novemba 1974, kisha akaingia shule ya sekondari ya wasichana mwaka 1975, na huko ndiko alikoanza mbio za kuruka viunzi, akazipenda kuliko chakula. Baba yake alimpa saa ya kupimia mbio, yenye kioo kilichopasuka pembeni, ambayo mteja mmoja aliileta kutengenezwa asirudi tena kuichukua, na saa hiyo mmeiona mara nyingi ikining'inia shingoni mwake, wengine mkidhani ni kidani.

Siku ya Ijumaa, tarehe 22 Julai 1977, katika mashindano ya shule, akiwa anaongoza na kiunzi kimoja tu kimebaki mbele yake, mguu wake wa kushoto ulitua vibaya, na kano za goti zikakatika. Alilazwa, akafanyiwa upasuaji, akafungwa plasta ngumu kutoka pajani hadi kifundoni, na daktari, mtu mwema ambaye hakukusudia ubaya wowote, akaiambia familia neno moja: apumzike. Mama yake alilipokea neno hilo kama amri, akamwandalia chumba cha nyuma, kilichokuwa kimya kuliko vyote, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani, na kila aliyepiga hodi akaambiwa asimsumbue mgonjwa. Wenzake wa timu walikuja wiki ya kwanza na machungwa, wiki iliyofuata wakaja wawili, halafu wakaacha, si kwa chuki, bali kwa sababu ligi iliendelea, na mtu asiyekuwepo mazoezini husahaulika hata na wanaompenda.

Plasta ilipofunguliwa, goti lilikuwa limepona. Daktari alilikunja akalikunjua, akasema yuko tayari, na mama yake akamkumbatia daktari yule hadi miwani ikamdondoka. Lakini msichana alipofika kwenye geti la uwanja alitetemeka mwili mzima, akatapika, akarudi nyumbani akiufuata ukuta, na kesho yake ikawa vivyo hivyo. Alimwambia mama yake, goti limepona, mimi ndiye sijapona, na mama yake, kwa mapenzi na kwa kutojua, akamjibu, acha deko mwanangu, mguu si huo unao? Maneno hayo mawili, la binti na la mama, marehemu aliyakumbuka maisha yake yote bila uchungu kwa mama yake, na kila alichokuja kukisoma na kukiandika baadaye kilikuwa ni kutafuta daraja kati ya neno moja na jingine.

Kilichomtoa chumbani hakikuwa hekima ya mtu yeyote, kilikuwa ni shida ya mwalimu wa michezo. Mwanzoni mwa mwaka 1978 mwalimu huyo alifika kibandani kwa fundi saa akihema, saa yake imekufa, msaidizi wake anaumwa homa, akamwona binti amekaa kwenye kigoda, akamwambia, wewe saa unayo na kazi huna, kesho saa kumi njoo unishikie muda, mimi sina mikono minne. Kwa kuwa mwalimu hakataliwi, alikwenda, akalipita lile geti huku akiwaza atakavyobonyeza kitufe na si atakavyoanguka, akasimama kwenye mstari wa mwisho, na kabla jioni haijakwisha akawa anawapigia wenzake kelele, kobe ninyi, nyanya yangu angewapita akiwa na ndoo kichwani! Usiku wa siku hiyo alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu aumie. Hakurudi kushindana tena, muda ulikuwa umempita, na hilo lilimuuma mpaka uzeeni, lakini alilipita geti kila siku, na alibaki akijiuliza, kilichonitibu jana si dawa wala bandeji, basi ni nini?

Alimaliza sekondari mwaka 1978, akasomea tiba ya viungo chuoni kuanzia 1980 hadi 1983, na tarehe 2 Januari 1984 aliajiriwa katika hospitali yetu, akapewa chumba kilicho mwisho wa korido, kati ya stoo ya mashuka na jiko, ambacho kila mchana kilinukia maharage ya wagonjwa. Mnakijua chumba kile, reli mbili za mbao za kujishikilia, mikanda ya mpira iliyotundikwa kwenye misumari, ndoo ya barafu, mikeka ya mazoezi, na zile ngazi tatu maarufu zinazopanda hadi hewani na kushuka upande wa pili bila kumfikisha mtu popote. Vyote hivyo vya mbao vilitengenezwa na mume wake, seremala, ambaye alifika pale mara ya kwanza kurekebisha mlango uliokuwa ukikwama, na mashemeji zake humtania hadi leo kwamba aliutengeneza mlango vizuri sana, ila akasahau kuutumia kutokea. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 1988, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1989, ambaye ni muuguzi, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 5 Aprili 1993, ambaye ni fundi umeme, na mjukuu mmoja wa kike ambaye naye, tumeona, hatembei.

Jambo lililomgeuza marehemu kutoka tabibu kuwa mtafiti lilikuwa la huzuni, nami nalisoma kwa idhini ya familia inayohusika, ambayo ipo hapa leo. Mwaka 1994 mchezaji mmoja wa netiboli, msichana mwenye kicheko kikubwa, alitibiwa kifundo cha mguu katika chumba kile, akapona, akaandikiwa kwamba amepona, akarudishwa nyumbani apumzike kabla ya msimu mpya, na huko nyumbani, akiwa peke yake, na mguu wake ukiwa mzima kabisa, akayakatisha maisha yake. Mama Zamu alikwenda kwa wazazi wake akakaa nao, aliporudi akavikunja vyeti vyake vya ukutani akaviweka kabatini, akamwambia mumewe kwamba amekuwa akitibu nusu ya mtu. Akajiunga na chuo kikuu mwaka 1995 kusomea saikolojia, na kwa miaka mingi akawafuatilia wanamichezo walioumia, wanasoka, wakimbiaji, mabondia, wacheza netiboli, akiwauliza si jinsi kiungo kinavyokunjika tu, bali wanalalaje, wanakula na nani, na ni nani aliyewatembelea mara ya mwisho. Alipofika mbele ya jopo la maprofesa kuomba ruhusa ya utafiti wake, mmoja wao alimtania, mama, sisi hapa tunapima magoti, machozi wapelekee watu wa dini. Naye akajibu kwa adabu zote, mheshimiwa, goti halijui njia ya uwanjani, linapelekwa, nami nataka kumjua anayelipeleka. Jopo likacheka, ruhusa ikatoka, na tarehe 12 Novemba 2004 akatunukiwa shahada ya uzamivu.

Alichokigundua alikieleza kwa maneno machache, kwamba katika wale aliowafuatilia, majeraha yakiwa sawa na matibabu yakiwa sawa, waliobaki kati ya wenzao wakiwa wameumia walirudi uwanjani na kurudi katika furaha yao, na waliotengwa kwa nia njema, wakafungiwa kwenye vyumba vya kimya, wengi wao walipona viungo wakapotea wenyewe. Wanachuoni wa kale walibishana karne kwa karne juu ya mahali roho inapokaa ndani ya mwili, yeye alisema hajui inapokaa, anajua tu kwamba haipendi kukaa peke yake. Kutokana na hayo akaweka desturi ambayo ndiyo iliyompa jina, kwamba kila aliyeumia, tangu siku ya kwanza, apewe zamu ya kazi mazoezini, anayeweza kukaa ashike saa, mwenye pumzi apulize filimbi, mwenye mkono mmoja ajaze mipira upepo, na timu iambiwe kwamba kazi hiyo isipofanywa na yeye haifanywi na mtu mwingine, wamngoje. Akalipiga marufuku lile neno la daktari wake wa zamani lisitamkwe peke yake ndani ya chumba chake, na yeyote aliyesema mgonjwa fulani apumzike, awe profesa, awe mfagiaji, aliulizwa papo hapo: apumzike na nani? Asipotaja mtu, neno lake halikupokelewa.

Yupo hapa mzee mmoja mrefu, mnamwita Ukuta, aliyekuwa golikipa, leo ni kocha. Mwaka 1998 alivunjika mkono, akajifungia kwa dada yake, hataki kuona mtu, na Mama Zamu akamfuata huko na mfuko wa mipira iliyonywea. Ukuta alimwambia, dada, mimi ni golikipa, siyo fundi baiskeli. Akajibiwa, basi ijaze vibaya, wenyewe watakuja kukugombeza, angalau utakuwa na wageni. Aliijaza vibaya, wakaja kumgombeza, na akatoka nao.

Sasa naja kwenye ugonjwa. Mnamo Februari 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu ya mgongo na kupungua mwili, na tarehe 9 Machi madaktari walibaini kuwa ana saratani ya kongosho, iliyokuwa imekwisha kusambaa. Alitibiwa kwa bidii zote, na mwishoni mwa Mei akaruhusiwa kurudi nyumbani, ambako mume wake na wanawe, watu walioyajua mafundisho yake kama wanavyozijua sala zao, walifanya, kwa mapenzi, jambo lile lile alilolipinga maisha yake yote. Binti yake alichukua likizo, akasimama mlangoni, akaomba wageni wasije kwa sasa. Mume wake alizipaka mafuta bawaba za mlango wa chumba cha nyuma, kilichokuwa kimya kuliko vyote, akagongomea vipande vya blanketi kwenye fremu ili usigonge, na mtoto wa kiume akakata waya wa kengele. Joto la mwili lilikuwa zuri, mapigo ya moyo mazuri, dawa alikunywa, na kila jioni binti alitupigia simu kutuambia kwamba mama anaendelea vizuri, anapumzika, lakini alikuwa ameacha kumtania mumewe, na uso wake alikuwa ameugeuzia ukutani, nayo hiyo ndiyo ishara ambayo yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake kuiogopa kuliko homa.

Jumamosi, tarehe 8 Julai, Ukuta alifika na mfuko mgongoni. Binti alimzuia kwa heshima, akasema, anko, nisamehe sana, mama haonani na watu, ameambiwa apumzike. Ukuta akasema, nesi wangu, mimi sikuja kumwona mgonjwa, nimekuja kumdai mtu zamu yake, kule vijana wanakimbia na hakuna wa kuwashikia saa. Binti akasema, amechoka, anko. Ukuta akasema, sijakataa, na apumzike, apumzike na nani? Binti alibaki ameshika kitasa, na kutoka ndani, kwa sauti ambayo nyumba ilikuwa haijaisikia kwa siku nyingi, mama yake akasema, mjibu mgeni, nesi, swali hilo nimekulea nalo. Binti akaangua kilio, Ukuta naye akauachia mfuko, mipira ikamwagika sebuleni, na mume wa marehemu, aliyekuwa ameketi kwenye kochi, akainuka, akaenda kuchukua bisibisi, akazifungua bawaba zote alizozipaka mafuta, akaung'oa mlango, akautoa nje, akauegemeza kwenye ukuta wa uani, na hapo upo mpaka leo.

Tangu siku hiyo kitanda kilihamia sebuleni, wageni wakaja, wengine wakakaa mno, akawafukuza mwenyewe. Kila jioni alipojiweza alipelekwa kwa kiti cha magurudumu hadi kiwanja cha nyuma ya hospitali, akawashikia vijana muda kwa saa ya baba yake, akiwaita kobe. Mwili ulizidi kuisha, hilo sisemi kwamba lilibadilika, na mwezi Oktoba kidole chake kilishindwa kubonyeza kitufe, ndipo bondia mmoja aliyefungwa bega akakaa kando yake, yeye akitikisa kichwa na bondia akibonyeza, na muda ukaandikwa kuwa ni wa wote wawili. Mume wake ananiambia kwamba katika majuma hayo alitaniwa na mkewe kuliko katika uchumba wao.

Tarehe 13 Novemba alizidiwa, akalazwa, na Ijumaa, tarehe 17 Novemba 2023, saa kumi na dakika arobaini jioni, filimbi za mazoezi zikisikika kupitia dirishani, mume wake akiwa upande mmoja na wanawe upande wa pili, alifumbua macho akauliza kwa sauti ndogo, leo zamu ni ya nani? Mume wake akamjibu, ni yangu mimi, mama. Akasema, haya. Hakusema tena neno jingine, na roho yake ikarejea kwa Aliyeipulizia, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, hasa wale waliokaa naye hata pale walipokuwa hawana dawa ya kumpa, kwa kuwa walijua kwamba kukaa nako ni tiba. Inawashukuru majirani, mliotuazima viti, mliotupikia, mliowanyamazisha watoto wenu na kisha, mlipoombwa, mkawaacha wapige kelele tena. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa hospitali na chuo, wanafunzi wake watakaouendeleza utafiti, makocha, na timu zote, na ninyi mlioumia, mliogawana zamu za kumchimbia kaburi, za kubeba na za kupanga viti, kila mmoja kwa kiungo alichobakiwa nacho.

Sasa, binti wa dada yangu, imebaki kulitamka neno lile ulilolikataza. Tumelizunguka tangu Ijumaa, hakuna aliyethubutu kulisema, ila kwa sharti lako nitalisema, na nitakutajia na nani. Kuliani kwako yupo mama yako, aliyekuandalia chumba kwa kutojua, leo anajua. Kushotoni kwako yupo baba yako, na saa yake umelala nayo kifuani. Na nafasi ile iliyo wazi miguuni pako mume wako amekwisha kuiomba, sisi wengine tutafuata, kila mmoja kwa zamu yake, hutangoja peke yako. Basi, Mama Zamu, pumzika kwa amani.

Nanyi mliosimama juani mkanisikiliza mpaka mwisho, Mwenyezi Mungu awarudishe makwenu salama mwili na roho, na siku mtakapoambiwa nanyi mpumzike, asiwakoseshe mtu wa kukaa nanyi. Amina.